Hoteli yapata wenyewe wapya: lipi la kusikiliza, na lipi la kusaini?

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni supavaiza wa hausikipingi katika hoteli ya ufuoni hapa Malindi, upande wa barabara ya Casuarina. Nimetimiza miaka 9 kazini na nina wenzangu 12 chini yangu. Tangu mwezi wa pili tunaambiwa kuna "menejimenti mpya". Tumekusanywa ukumbini mara mbili. Wageni waliovaa tai wakatueleza kuwa tuko katika kipindi cha mpito, majukumu yataoanishwa, kutakuwa na tathmini ya ujuzi, sisi ni familia moja, na kwa sasa hakuna atakayeathirika. Basi. Huku nje, mara orodha ya watu 40 imeshapigwa chapa, mara tutaandikwa upya kama vibarua, mara wapishi watatoka Nairobi, mara waja wazito ndio watakaotangulia kutolewa, mara hoteli itabomolewa zijengwe nyumba za kuuza. Mhudumu mmoja wa mezani anaapa amemsikia mzee mwenye hoteli akisema "chiudiamo". Juzi tumepewa barua ya kurasa mbili iitwayo Ridhaa ya Mabadiliko, tuisaini kabla ya Ijumaa. Wengine wameshasaini. Rafiki yangu ananiambia Watamu kuna nafasi, niondoke mapema. Nitajuaje la kweli? Niwaambie nini walio chini yangu? Na nisaini?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na la Ijumaa kwa kuwa ndilo lenye haraka. Usisaini bado, wala usikatae. Omba nakala uende nayo nyumbani, sema unaisoma, kisha peleka barua nitakayokuandikia chini. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inasema masharti ya kazi yakibadilika, mwajiri atayarekebisha kwa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Kuitwa ukumbini ukasomewa si kushauriwa. Na siku mbili tatu za kusaini karatasi inayogusa miaka 9 si muda wa mtu anayetaka uielewe.

Maneno yote uliyoniletea, ya ukumbini na ya barazani, yanazunguka swali ambalo hakuna aliyelitamka: baada ya mabadiliko haya, mwajiri wako ni nani? "Menejimenti mpya" haijibu. Nilikaa miaka mingi katika afisi za wafanyakazi za hoteli za pwani, na neno hilo nimelisikia likitumiwa kwa mambo matatu yasiyofanana hata kidogo.

La kwanza ni pale nahodha anapobadilishwa na chombo kikabaki cha tajiri yule yule. Mwenye hoteli anaikodi kampuni ya usimamizi imwendeshee kwa ada. Meneja mkuu anabadilika, sare zinabadilika, hata jina la langoni laweza kubadilika. Aliyekuajiri hajabadilika, na miaka yako inaendelea kuhesabika kama jana.

La pili, hisa za kampuni inayomiliki hoteli zinauzwa. Wanakuja wenye hisa wapya na wakurugenzi wapya. Lakini mwajiri wako ni kampuni, na kampuni ingali hai. Mkataba wako haujaguswa. Hapa wengi hudanganyika, wakaambiwa "kampuni imenunuliwa, kwa hivyo nyote mnaanza upya". Hakuna kitu kama hicho.

La tatu ndilo lenye mitego. Kampuni ya zamani inauza au inakodisha hoteli yenyewe, yaani majengo, vitanda na shughuli zote, kwa kampuni nyingine kabisa. Mwajiri wako wa zamani anabaki na jina lake lakini hana tena hoteli, na mwenye hoteli mpya hana mkataba nawe. Uingereza wana sheria ya kuwahamisha wafanyakazi pamoja na biashara, na miaka yao juu. Kenya hatuna sheria ya jumla ya namna hiyo. Kwa hivyo kwa uhalali kuna milango miwili. Ama mnaandikiana pande tatu, mwajiri wa zamani, mpya na wewe, kwamba unahama na miaka yako yote. Ama wa zamani anakutoa kwa utaratibu wa kupunguza wafanyakazi, anakulipa haki zako, kisha mpya anakuajiri akipenda.

Mlango wa tatu, ule usio halali ila unaopendwa sana, ni kukusainisha karatasi kwamba umekubali "kuanza na kampuni mpya" na huna dai lolote kwa ya zamani. Sijaiona barua yako. Lakini ukikuta ndani yake neno "ajira mpya", au "kipindi cha majaribio", au "sina dai lolote", umeshajua iko upande gani. Mtu wa miaka 9 hawekwi majaribioni. Akiwekwa, maana yake kuna mtu ameifuta ile 9.

Utajuaje uko katika lipi? Usimuulize meneja kwanza. Toa peislipu ya mwezi huu na ya Desemba, uziweke sambamba, usome jina la kampuni lililo juu. Jina la hoteli liache, hilo ni la kibiashara tu na mara nyingi silo la mwajiri. Angalia pia taarifa yako ya NSSF, michango ya miezi hii imewasilishwa na nani. Fomu yako ya kodi ya P9 nayo ina jina la mwajiri na namba yake ya KRA. Ukishalipata jina la kampuni, yeyote miongoni mwenu anaweza kuingia eCitizen, kwenye huduma ya usajili wa biashara, akaomba CR12 kwa ada ndogo. Hiyo ni karatasi ya serikali inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Watu 12 mkichangishana, kila mmoja hata gharama ya chai haimfikii, na mtakuwa mmejua zaidi ya yale yote mliyopata ukumbini.

Kwa nini nalishikilia hili la mwajiri? Kwa sababu ya pesa, mwanangu. Kifungu cha 40 cha hiyo Sheria ya Ajira ndicho kinachohusu kupunguza wafanyakazi. Kama wewe ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, mwajiri anatakiwa kukiandikia chama na afisa wa leba, aeleze sababu na ukubwa wa hatua hiyo, si chini ya mwezi mmoja kabla ya tarehe anayokusudia. Kama si mwanachama, anakuandikia wewe mwenyewe pamoja na afisa wa leba. Katika kuchagua nani aende anatakiwa kutazama ukongwe kazini, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Kisha anakulipa likizo uliyobakisha kwa pesa taslimu, anakupa notisi ya mwezi au mshahara wa mwezi, na anakulipa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia.

Sikuulizi mshahara wako, lakini tuseme ni shilingi 30,000. Ukigawanya kwa siku 30, siku ni 1,000. Siku 15 mara miaka 9 ni shilingi 135,000. Weka juu yake 30,000 ya notisi na siku zako za likizo. Sasa mtu aliyejiuzulu, au aliyesaini kwamba anaanza upya bila dai, hiyo 135,000 huwa ameiacha mezani mwa mwajiri. Hesabu hiyo hiyo wafanyie wenzako 12, kila mmoja na miaka yake, utaelewa kwa nini karatasi ya kurasa mbili ina haraka.

Na tazama kama peislipu yako ina makato ya KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa hoteli. Kama yamo, tafuta nakala ya mkataba wa pamoja kati ya chama na waajiri wa hoteli. Sheria imesema "kisichopungua" siku 15, na mkataba wa pamoja waweza kuwa na kiwango cha juu zaidi. Supavaiza wengine huwa nje ya mkataba huo kwa sababu ya cheo, kwa hivyo usijihesabie tu. Muulize mwakilishi wa chama hapo hotelini.

Turudi ukumbini. Maneno ya wenye tai si uongo, na hilo ndilo linalowasumbua watu. Yameteuliwa ili yasiwe uongo. "Kwa sasa hakuna atakayeathirika" ni sentensi ya kweli leo na itabaki kuwa ya kweli hadi asubuhi ya siku ile. Nimewahi kukaa kwenye vikao vinavyotayarisha hotuba hizi. Mtu akisema "hakuna atakayeathirika", wakili wa kampuni humnong'oneza aongeze "kwa sasa". "Mpito" ni neno lisilo na tarehe. Uliza mpito unaanza lini na kuisha lini, utaona nyuso. "Kuoanisha majukumu" maana yake nafasi mbili zitakuwa moja: supavaiza wa vyumba na wa dobi, tuseme, au mapokezi na uhasibu wa usiku. Hilo wewe linakuhusu moja kwa moja, na likifanyika, yule anayekosa nafasi ameondolewa kwa kupunguzwa, hajafukuzwa kwa kosa, kwa hivyo ni kifungu cha 40. Wakisema dobi "itapewa mkandarasi", ni hivyo hivyo.

"Tathmini ya ujuzi" isikutishe, ila usiidharau. Umeshaona kwamba ujuzi ni mojawapo ya vigezo vya kisheria vya kuchagua nani abaki. Tathmini ikifanywa kwa haki inaweza kukusaidia. Hakikisha faili lako lina kila cheti ulichopata, cha chuo, cha huduma ya kwanza, cha mafunzo ya zimamoto, na barua zozote za sifa kutoka kwa wageni. Mafaili ya hoteli zetu yana tabia ya kupungukiwa na karatasi hasa wakati wa makabidhiano. Peleka nakala, upate sahihi ya kupokelewa. Waambie na wenzako wafanye hivyo wiki hii.

"Familia moja" sina la kusema. Halimo katika sheria yoyote.

Sasa uvumi. Wakubwa hupenda kuwaambia wafanyakazi waache umbeya, na mimi sikubaliani nao kabisa. Mwaka 1947 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Gordon Allport na Leo Postman, waliandika kwamba uvumi hukua pale jambo linapokuwa zito kwa watu na habari zake zikawa hafifu. Kimoja kisipokuwepo, uvumi hufa. Hoteli yenu ina vyote viwili. Jambo ni riziki ya watu, na habari ni sentensi tano za ukumbini. Wangefanyaje wasiseme? Lakini pia ile "lisemwalo lipo, kama halipo laja" ambayo kila mtu atakutupia, naichukua nusu. Mara nyingi lisemwalo lipo kweli, ila si lile lililosemwa.

Hebu tazama habari hutoka kwa nani. Askari wa langoni anajua namba za magari na saa walizoingia. Dereva aliyewapokea wageni uwanja wa ndege anajua walikuwa wangapi na walikuwa wanazungumza kwa hasira au kwa kicheko. Mtu wa stoo anajua kumeombwa hesabu ya mashuka na vijiko. Karani wa uhasibu anajua kumechapishwa majina. Mhudumu wa mezani anajua neno moja. Kila mmoja ana kipande cha kweli kabisa. Tatizo linaanzia kwenye chai ya saa nne, vipande vinapounganishwa na watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa chumbani. Askari akisema gari la mawakili limekuja, mwamini. Akikuambia limekuja kufanya nini, hapo ameshatoka langoni kwake.

Tuchukue orodha ya watu 40. Siwezi kukuambia ipo au haipo, lakini naweza kukuambia kwamba katika makabidhiano ya hoteli yoyote huchapishwa orodha za majina kwa wingi: ya mishahara, ya siku za likizo zilizobaki, ya mikataba ya msimu inayokaribia kuisha, ya wenye mikopo ya sako. Anayenunua au kukodi hoteli huzitaka zote, kwa sababu kila jina ni deni atakalorithi au atakalomwachia mwenzake. Karani akiona majina 40 na namba kando yake, ameona kitu cha kweli. Kuwa ni orodha ya kufukuzwa, hilo limeongezwa njiani. Uliza swali moja kwa aliyekuletea: orodha ilikuwa na safu gani pembeni ya majina? Kama hajui, hajaiona.

Na nikuonye hapa kama supavaiza. Orodha ikitajwa, watu humtafuta mwandishi, na jicho huangukia mtu wa kati, aliye karibu na wakubwa na karibu na wadogo. Wengine watadhani wewe umeulizwa majina. Kama umeulizwa, usitoe kwa mdomo. Omba uandikiwe vigezo, kisha ujibu kwa maandishi. Kama hujaulizwa, waambie wenzako wazi, mapema, kabla hawajaanza kukukwepa.

La "chiudiamo" limenichekesha kidogo. Vijana wetu wa Malindi wana Kiitaliano kizuri cha mezani, cha samaki, divai na habari za asubuhi, kwa sababu Waitaliano wamekuwa wakija hapa kwa miongo kadhaa. Lakini Kiitaliano cha mikataba ni kingine. Neno hilo ni "tunafunga", basi. Mzee akilisema karibu na mwezi wa nne, mbele ya sahani, huenda anafunga kwa ajili ya mvua kama kila mwaka, au anafunga hesabu, au mlango wa ukumbi kwa kuwa upepo wa kusi unapeperusha vitambaa. Kumbuka pia hali ya mji wetu: kuanzia Aprili hadi Juni wageni huadimika, hoteli kadhaa hufunga kwa matengenezo, watu hupelekwa likizo, mikataba ya msimu huisha. Kila mwaka miezi hiyo ina minong'ono yake. Mwaka huu minong'ono ya msimu na ya wenyewe wapya imechanganyika, na lazima uitenganishe. Mtu wa mkataba wa msimu asipoitwa mwezi wa nne, hilo peke yake halithibitishi orodha. Mtu wa kudumu akiambiwa aende likizo bila malipo, hilo ni jambo jingine, halifanywi bila ridhaa yake, na mwambie asisaini kuwa ameomba mwenyewe.

La kubomolewa hoteli silichukulii kama upuuzi. Malindi imeona hoteli zikifungwa na kugeuka magofu, na aliyeishi hapa baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 hahitaji kuambiwa. Hofu ya watu ina historia. Ila jengo la ufuoni halibomolewi kwa siri. Kunahitajika idhini za serikali ya kaunti ya Kilifi na tathmini ya mazingira inayopitia NEMA, mamlaka ya mazingira, na hizo huacha karatasi na matangazo. Hadi uone mojawapo, liweke kando.

Wapishi wa Nairobi nalo lisikusumbue. Mwajiri ana uhuru wa kuajiri. Litakuwa jambo siku mpishi wa hapa akiambiwa nafasi yake imefutwa kisha wiki ya pili akaonekana mgeni amesimama jikoni pale pale. Hapo nafasi haikufutwa, amefutwa mtu, na mahakama hutofautisha.

La vibarua lina uzito zaidi, kwa sababu limetendeka kwingi. Sheria iko upande wenu: kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja huchukuliwa kuwa mwajiriwa wa mwezi. Kwa hivyo hata wakiwaandika vibarua, hali hiyo haidumu kisheria. Hasara yenu haiko hapo. Iko katika ile miaka ya nyuma mtakayokuwa mmeiacha siku ya kusaini.

Na waja wazito. Kumwondoa mwanamke kwa sababu ya mimba hakukubaliki, kifungu cha 46 kimekitaja hicho kuwa si sababu ya haki. Kwa kuwa hakikubaliki, hakuna atakayekiandika. Kitaonekana kwenye rosta, zamu zikianza kupungua kwa mtu mmoja. Wale wenzako wenye mimba wamjulishe mwajiri kwa barua sasa hivi, wabaki na nakala iliyopokelewa, ili baadaye asije mtu akasema hakujua. Kama ndani ya wale 12 kuna aliyekuwa anaficha, zungumza naye faraghani, kwa upole, na uamuzi uwe wake.

Umeniuliza uwaambie nini. Usiwaambie "msiwe na wasiwasi", hiyo ni kazi ya wenye tai. Waite kabla ya zamu, dakika chache, uwaambie ulichoona kwa maandishi, ulichouliza na unachosubiri kujibiwa, na kwamba mengine yote hujui. Watu wazima hustahimili "sijui" ikiwa inatoka kwa mtu ambaye jana alisema "najua" likawa kweli. Fanya hivyo kila wiki hata kama hakuna jipya, maana wiki utakayonyamaza ndiyo watakayosema umeshanunuliwa.

Kundi lenu la WhatsApp, punguza mwendo. Ujumbe wa sauti uliotumwa mara nyingi hauna mwenyewe, na picha ya skrini inafika mezani kwa meneja kabla hujala chakula cha mchana. Matusi kwa mwajiri ni miongoni mwa mambo ambayo kifungu cha 44 kinayaita makosa makubwa, ambayo mtu anaweza kuachishwa kazi bila notisi. Isije mtu mwenye miaka 12 na haki zake zote akajitoa mwenyewe kwa sentensi moja ya saa tano usiku.

Sasa barua. Iandike fupi, bila hasira, kwa afisa wa wafanyakazi, hivi:

"Nimepokea barua iitwayo Ridhaa ya Mabadiliko na ninaisoma. Ili niweze kuijibu, naomba kujulishwa kwa maandishi: jina kamili la kampuni itakayokuwa mwajiri wangu baada ya mabadiliko, na tarehe yatakapoanza, ikiwa miaka yangu ya utumishi tangu nilipoajiriwa itaendelea kuhesabika yote, ikiwa mshahara, cheo, likizo na marupurupu yangu yatabaki yalivyo, na ikiwa nafasi yangu inakusudiwa kufutwa au kuunganishwa na nyingine. Niko tayari kukutana nanyi kulizungumza. Naendelea na kazi yangu kama kawaida."

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri au isainiwe kupokelewa, ubaki nayo. Wakikataa kupokea, itume kwa barua pepe ya afisi. Sentensi ya mwisho usiiondoe, asije mtu akasema ulisusia kazi. Kama wenzako wataandika pia, kila mmoja aandike yake kwa jina lake. Barua moja yenye sahihi 13 huitwa mgomo na mtu anayetaka kuiita hivyo.

Wakijibu vizuri, kwa jina la kampuni na miaka yako imetajwa, saini bila shaka, kisha ulale. Wasipojibu na Ijumaa ikapita, nenda na nakala zako kwa afisa wa leba. Ndiye anayestahili kuwa amepata taarifa kama kuna mpango wa kupunguza watu, kwa hivyo muulize kama ameipata. Kama hana taarifa yoyote, basi au hakuna mpango, au upo nje ya sheria, na vyote viwili ni vyema kuvijua. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki hupelekwa kwake ndani ya miezi 3. Kwenda mahakamani una miaka 3, na Mahakama ya Ajira inakaa hapa hapa Malindi, huna haja ya nauli ya Mombasa. Mwaka 2014, katika kesi ya Kenya Airways na chama cha wafanyakazi wa ndege, Mahakama ya Rufaa ililizungumzia sana suala la mwajiri kushauriana na wafanyakazi kabla ya kupunguza watu. Mwanasheria yeyote wa kazi anaijua.

Wale waliokwisha saini wasikate tamaa, lakini wasilale. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Coastal Bottlers, ilimshikilia mfanyakazi kwa makubaliano aliyosaini na kupokea malipo yake. Lakini ilisema pia kila karatasi hupimwa kwa mazingira yake. Aliyesaini kwa kutishwa, au bila kuelezwa, au bila kulipwa chochote, ana la kusema. Aliandike sasa, wiki hii, wakati kumbukumbu ni mbichi na mashahidi bado wako kazini.

Limebaki la Watamu. Ukiondoka leo kwa hiari, unaondoka bila kiinua mgongo, na kama kweli hoteli inapunguza watu mwezi ujao, utakuwa umewaokolea pesa. Lakini pia siwezi kukuambia ukatae kazi nzuri kwa ajili ya malipo ambayo huenda yasije kamwe, maana huenda mko katika ile hali ya kwanza na hakuna atakayepunguzwa. Mwambie huyo rafiki akuulizie kama nafasi inaweza kusubiri hadi mwishoni mwa msimu wa mvua. Kwa Watamu nao mwezi wa tano si wa haraka. Kufikia hapo utakuwa umepata CR12 na jibu la barua yako, au umekosa jibu, ambalo nalo ni jibu. Ukiamua kwenda, toa notisi kama mkataba wako unavyosema, na kama hausemi, kwa mlipwa wa mwezi ni siku 28. Chukua cheti chako cha utumishi kabla ya kurudisha sare. Kila aliyefanya kazi zaidi ya wiki 4 ana haki nacho, na ni rahisi zaidi kukipata kwa mwajiri wa zamani leo kuliko kumtafuta mwakani akiwa hana tena afisi.